Mama Mita na Mshale Uliogeuzwa

Saa mbili kasorobo asubuhi, Mama Mita anabishana na mbuzi. Mbuzi ameng'ata ncha moja ya utepe mwekundu, yeye ameshika ya pili, na kinachogombaniwa ni alama ya kilomita ya nne.

"Achia," anamwambia, kwa sauti ya mtu aliyelea watoto watano. Mbuzi anatafuna. Utepe unakatika. Mama Mita anachomoa mwingine mfukoni, anaufunga juu zaidi kwenye tawi, anaandika kitu kwenye daftari, kisha anaendelea kusukuma gurudumu lake kwenye kijia kinachokata mashamba ya mahindi.

Kila mzunguko wa gurudumu ni mita moja, na kila mita inalia "tik". Huku mashambani kulivyo kimya, unamsikia kabla hujamwona.

Ana umri wa miaka sitini na mmoja, na kazi yake ni kuwatengenezea watu wa mjini njia za kukimbilia. Anazitafuta, anazipima, anafyeka miiba, anaweka alama, na anawaomba ruhusa wenye mashamba. Yeye mwenyewe hajawahi kukimbia hata mita kumi.

"Nikimbie, nimeiba nini?" anauliza.

Alifanya kazi idara ya barabara kwa miaka ishirini na miwili, akianza kama kibarua wa kubeba vigingi na kuishia msaidizi wa wapimaji. Siku ya kustaafu alitayarishiwa zawadi ya saa ya ukutani. Akaikataa, akaomba gurudumu bovu la kupimia lililokuwa limetupwa stoo. Mumewe, fundi cherehani, ndiye aliyelitengeneza, na ndiye anayekata tepe kutoka kwenye vitambaa vya wateja vilivyobaki.

Miaka mitatu iliyopita, wakimbiaji saba wa klabu moja ya mjini walipotea, wakatokea uani kwake akianika nguo. Walimuuliza barabara kuu iko umbali gani. Walizoea kujibiwa "hapo tu". Yeye akawaambia, "Mita elfu mbili mia nne na kumi, mkipitia kisimani."

Mwenyekiti wao, daktari wa meno, alirudi wiki iliyofuata kumpa kazi. Sasa ana njia nne, na kwa mwaka anamaliza jozi tatu za viatu.

"Miiba si shida," anasema. "Shida ni shemeji."

Shemeji huyo ni binamu wa mumewe, mfugaji mwenye ng'ombe mmoja na maneno ya kutosha zizi zima. Mwaka jana klabu ilipotaka mashindano ya kilomita nane, njia iliyofaa ilipita kando ya zizi lake. Mama Mita alikwenda kumwomba mara tatu.

"Shemeji, ng'ombe wangu ana mimba," mfugaji alimjibu. "Akiona kundi la watu wanakimbia, atataka kujua wanakimbia nini. Nami sina jibu la kumpa."

Basi akaizungusha njia. Kwenye njia panda ya kilomita ya tatu alisimamisha mshale wa mbao ukielekea kulia, mbali na zizi. Klabu ilikuwa imeshamwambia waziwazi kuwa watu wakipotea tena, mashindano yatahamia uwanja wa mjini, na kazi yake itakuwa imekwisha.

Siku ilipofika, wakimbiaji themanini na sita waliondoka saa moja kamili. Mama Mita na mumewe wakakaa kwenye mstari wa mwisho na filimbi na madumu ya maji. Saa mbili kasorobo ikapita. Saa mbili ikapita. Hakutokea hata mtu wa kusingiziwa.

"Labda wamerudi kwao," mumewe alisema.

"Watu themanini na sita si sindano, baba watoto."

"Sindano ningeiona."

Saa mbili na nusu na ushee akatokea mtu mmoja, mnene kidogo, akipumua kama mvukuto. Alikuwa mwalimu wa hesabu, aliyechelewa kuanza kwa nusu saa nzima.

"Nimekuwa wa mwisho?" aliuliza.

"Umekuwa wa kwanza," Mama Mita alimjibu. "Wa pili hatujui yuko wapi."

Alimwachia mumewe filimbi, akaifuata njia kuelekea ilikoanzia. Kwenye njia panda alikuta mshale umeelekea kulia kama alivyouacha, lakini udongo wa chini yake ulikuwa umechimbuliwa upya, na nyayo zote, isipokuwa za mtu mmoja, zilikwenda kushoto. Zilikwenda kwa shemeji.

Aliwakuta uani wote, na namba zao vifuani, wakinywa chai kwa zamu kwenye vikombe vinne. Katikati yao alisimama ndama, miguu ikimtetemeka.

Ng'ombe alikuwa ameanza kuzaa alfajiri, na mguu mmoja wa ndama ulikuwa umekunjika. Simu ya mfugaji ilikuwa imezima. Watoto wake wote wako mjini, na jirani wa karibu yuko kilomita mbili. Hapo akakumbuka kuwa kuna watu watapita. Akaenda mbio njia panda, akaugeuza mshale kuelekea kwake.

"Nilisimama mlangoni nikauliza nani daktari," mfugaji anasimulia. "Akanyoosha mkono mmoja. Kumbe wa meno."

"Nilimweleza kuwa mimi natibu meno," mwenyekiti anasema. "Akaniambia ng'ombe naye anayo, ingia."

Aliyeokoa jahazi ni mkunga wa zahanati, ambaye wakati huo alikuwa akiongoza upande wa wanawake. Alikuwa amezalisha watu kwa miaka kumi na tisa, lakini ng'ombe hata mmoja. "Nilimwambia asukume," anasema. "Mazoea tu." Aliunyoosha mguu, wanaume sita wakavuta kamba, na ndama jike akatoka. Mfugaji, mtu wa haki, akaenda moja kwa moja kuurudisha mshale wa watu mahali pake. Ndiyo maana mwalimu, aliyefika baadaye, alipita njia sahihi peke yake.

Njiani Mama Mita alikuwa ameandaa maneno makali. Shemeji yake alimjia na matope mpaka viwikoni.

"Shemeji, nimekukosea," alisema. "Lakini ningepiga kelele, nani angesikia? Wageni wako wanausifu ukimya wa huku. Ni mzuri, mpaka siku unapohitaji mtu."

"Nikakaa juu ya ndoo," anakumbuka Mama Mita. "Nikaomba chai."

Baadhi ya wakimbiaji walitaka mashindano yafutwe. Akaenda kuupima mchepuko wao, mita elfu moja mia tatu na kumi, akaamua kuwa aliyekimbia kilomita nane zilizotangazwa ni mmoja tu. Mwalimu akachukua redio ya zawadi. Klabu haikuhamia uwanjani. Mwaka huu wamejiandikisha watu mia moja na arobaini, na njia ya kando ya zizi imefunguliwa.

Sasa Mama Mita anapima njia ya tano, ya kilomita ishirini na moja. Ameshamaliza kumi na tatu. Ukiitazama kwenye daftari imepindapinda kama utumbo, kwa sababu inapita mlangoni kwa kila mzee anayeishi peke yake, nyumba kumi na moja kwa jumla. Anataka kila Jumamosi apite mtu wa kuwabishia hodi.

Kumi wamekubali. Aliyebaki ni mwalimu mstaafu wa kike, mwenye miaka sabini na tisa.

"Anasema hataki kusalimiwa na wanaume wa kaptula kabla hajanawa uso," Mama Mita anaeleza, akisukuma gurudumu kupanda kilima. "Nikamuuliza, bibi, unanawa saa ngapi? Akanijibu, inategemea wao wanapita saa ngapi."

Mama Mita ameandika kwenye daftari: saa tatu.