Bata wa Ami Hamdan

Baba yangu aliuawa na bata.

Bata wa kuoka, tumbo limejaa wali na maini, amelala kwenye sinia hana habari.

Cheka tu. Hata mimi nilicheka, mpaka nikakoma.

Mwaka huo nilirudi likizo kutoka shule ya bweni Asyut, nikakuta nyumbani kuna sheria mpya. Moyo wa baba ulikuwa mgonjwa, unataka kupasuliwa.

Daktari hakumung'unya maneno. "Mzee Bekhit, shuka chini ya kilo mia na kumi. Ukibaki juu ya hapo, utanifia mezani."

Baba alikuwa na mia na ishirini na sita. Alipewa miezi miwili.

Mama akanitawaza kuwa Askari wa Sinia. Niliapishwa kwa mwiko.

Nikaitumikia kazi yangu kwa heshima na taadhima. Samli niliificha kwenye banda la mbuzi. Baba alikula matango na maharage makavu, akinuna kama mtoto. Wiki ya tano, mia na kumi na tatu! Akawa anazunguka mtaani akiwaonyesha watu matundu mapya ya mkanda wake.

Zilibaki kilo nne tu.

Ndipo Ami Hamdan, mdogo wake, alipoanza kutualika kila Ijumaa baada ya sala. Mkewe, Bi Nagat, tuliambiwa yuko kwao Qena akimuuguza mama yake, kwa hiyo bata alipikwa na Ami mwenyewe.

"Kaka, kula."

"Daktari kanikataza, Hamdan."

"Daktari ni nani ndani ya nyumba yangu? Mke wangu talaka tatu, usipommaliza bata huyu!"

Kwetu mwanamume akishaapa hivyo, mjadala umefungwa. Ukikataa kula, umemvunjia ndoa yake.

Nikadakia, "Na mimi mke wangu talaka, baba akila!"

"Una mke gani wewe, kinda? Kaote ndevu kwanza!" Ami akanicheka.

Baba akala.

Ijumaa iliyofuata niliwahi jikoni nikampaka bata shubiri, kama mama anayemwachisha mtoto ziwa. Baba alitafuna huku machozi yakimtoka.

"Baba, tema," nikamnong'oneza.

"Nyamaza. Humu ndani mna ndoa ya mtu."

Siku ya hospitali, mizani ilisema mia na kumi na sita.

"Rudini baada ya mwezi," daktari akasema.

Siku ya kumi na tisa baba aliinama kufunga kiatu. Hakuinuka.

Msibani Bi Nagat alikuja kutoka Qena, akakaa kwenye kona na mkoba wake mapajani.

"Si ukapumzike nyumbani kwako, mwenzangu?" mama akamwambia.

"Kwangu wapi? Hamdan kaniacha tangu majira ya baridi. Hakuwaambia?"

Nilitoka nikamkuta Ami mlangoni, ameshika sinia.

"Ami, ulikuwa unamwapia mke gani?"

Alitazama miguu yake. "Nyumba ilikuwa kimya mno, mwanangu. Nilitaka mtu wa kula naye."

Kisha akanisogezea sinia, kwa mazoea. "Kula. Mke wangu tala..."

Hakumalizia.

Nikala. Mimi, Askari wa Sinia.

Basi ukimwona mtu ameshindwa kupunguza mwili, usikimbilie kumwita mlafi. Muulize kwanza Ijumaa anakula kwa nani.