Siku Niliposhika Besi ya Kaka

Watu wakisikia kwamba kijijini kwetu Mogitu kuna bendi ya matarumbeta inayopiga muziki wa zamani wa Wajerumani, huwa wanacheka kwanza. Siwalaumu. Ukituona Jumamosi mchana tumetoka kung'oa maharage, udongo bado umeganda kwenye buti, halafu tumekaa kwenye mabenchi ya kanisa tunafuta matarumbeta kwa kanga, hata wewe ungecheka. Wamisionari waliyaacha, babu zetu wakayapokea, na sisi tumeyarithi pamoja na matundu yake. Panapovuja tunaziba kwa nta ya nyuki. Vifungo tunavipaka mafuta ya cherehani. Midomo yetu wenyewe tunaipaka samli, kwa sababu upepo unaoshuka mlimani huipasua, na mdomo uliopasuka haupigi kitu.

Mimi napiga sauti ya pili. Kaka yangu, aliyenitangulia kuzaliwa, alikuwa anapiga besi, lile tarumbeta kubwa la kupakata mapajani.

Mwaka ule dayosisi iliomba kila usharika ulete video ya wimbo mmoja. Kwaya zikachagua nyimbo za kuruka. Mwalimu wetu wa bendi, mzee aliyestaafu shule ya msingi na ukaidi wake wote, akachagua kipande kisicho na neno hata moja, cha polepole, kinachoanzia chini kabisa kwenye besi na kumalizikia hukohuko. Alikiandika ubaoni kwa solfa, zile do-re-mi, kila sauti na rangi yake ya chaki. Masika yote tulikiimba kwa mdomo tu, mvua ikipiga bati, kabla hajaturuhusu kugusa chombo. Mimi nilinung'unika sana. Nina hasira za karibu, kila mtu kanisani anajua. Kaka alikuwa ananiambia nitulie, wimbo wenyewe ni wa kuomboleza, nakimbilia wapi?

Kwa asiyejua, video za kwetu hazitengenezwi siku moja. Kwanza mnarekodi sauti studio. Picha inakuja baadaye: spika inapiga ile sauti yenu, na ninyi mnaigiza. Mnajaza mashavu, mnabonyeza vifungo, hampulizi chochote. Nilisema mbele ya wote kwamba huo ni uongo, tena uongo wa kanisani. Kaka akasema kama kazi ni kujaza mashavu tu, basi ameshapata kazi ya uzeeni. Watu wakacheka, na mimi nikacheka.

Studio yenyewe ilikuwa mjini Katesh, chumba nyuma ya duka la vitambaa la wazazi wa mwenye studio. Wao ni Waislamu, na huyo bwana hurekodi harusi na sherehe za kila dini. Kuta alikuwa amezibandika trei za mayai. Tuliingia sauti moja moja, na besi ikaingia mwisho. Sisi wengine tulikaa barazani tukinywa chai. Tulikuwa tunamsikia kaka kwa mbali, anapiga, anaacha, anapiga tena. Alipotoka shati lilikuwa limelowa mgongo mzima. Akasema mle ndani ni joto. Nje tulikuwa tumejifunga mashuka kwa baridi, lakini chumba kile hakikuwa na dirisha, nikaona ni kweli.

Hakufikia mavuno ya mbaazi. Alianguka zizini asubuhi, akikamua. Moyo wake ulikuwa umetanuka, daktari alishamwambia, na yeye alimwambia mkewe tu na kumkataza asiseme. Tulimzika nyuma ya nyumba ya mama. Bendi ikapiga bila besi, na ilisikitisha hata kuisikia. Nilijaribu kupuliza huku nalia. Haiwezekani, sauti inakatika. Nikakiweka chombo chini, nikalia tu.

Siku chache baadaye mwenye studio alimpigia simu mwalimu. Alitoa pole kwanza, tena kwa heshima. Kisha akaeleza kwamba besi ina kasoro, inakatika pasipotakiwa na pumzi zinasikika. Angeweza kuweka besi ya kinanda, au tulete mtu mwingine arekodi upya. Na hata tukiiacha, nani ataonekana anaipiga? Wengi kwenye bendi walikubali iondolewe. Mimi nikasimama, nikasema besi ya kaka haitolewi na mtu wakati mimi nipo. Nadhani nilipiga na meza. Mwalimu hakukasirika. Aliniuliza nani atakaa nayo kwenye picha, maana vidole na pumzi lazima viende na sauti ile, la sivyo itabidi tukubali kinanda. Nikasema nitakaa nayo mimi.

Mama hakupenda. Alisema kwao chombo cha marehemu hakipulizwi kabla ya arobaini, na siku ya kupiga picha ilikuwa kabla. Nikamweleza kwamba sitapuliza, nitakishika tu. Akaniuliza, basi atapuliza nani? Nikasema kimeshapulizwa, sauti itatoka kwenye spika. Alinitazama kama mtu anayefichwa jambo, kisha akaniambia niende.

Mwenye studio alinirushia besi peke yake kwenye simu. Nikawa naisikiliza jikoni, naisikiliza shambani, vidole vikibonyeza mpini wa jembe. Huko ndiko nilikojua kaka yangu alikuwa anaumwa kiasi gani. Mwalimu alitufundisha kuvuta pumzi moja kwa mstari mzima. Kaka alivuta katikati, akapiga noti mbili, akavuta tena. Kuna mahali anasimama kabisa, unasikia kiti kinalia, unamsikia anahema, halafu anaanza palepale alipoachia. Ili nifanane naye ilibidi nipumue kama yeye, na kabla sijafika nusu ya wimbo nilikuwa nasikia kizunguzungu. Siku moja nilikaa chini katikati ya mbaazi nikalia kwa sauti, mtu mzima na wajukuu wake. Nilimkasirikia pia. Alitutania kuhusu mashavu na huku mwenyewe anajua.

Tulipiga picha chini ya mlima, kwenye shamba la ngano lililokwisha kuvunwa. Mwenye studio alikuja na maua ya plastiki ya harusini, kwa kuwa kiangazi hakina maua. Mwalimu akayarudisha kwenye gari yeye mwenyewe. Wifi yangu, mjane, alituletea maji ya kunywa, kisha akaenda kukaa upande wa pili wa gari, mgongo kwetu.

Spika ikawashwa. Besi ya kaka ikatoka peke yake, chini kabisa, juu ya mabua yale makavu. Walio karibu nami waliinamisha macho. Mimi nilibonyeza alipobonyeza, nikavuta alipovuta, na pale kiti kinapolia nikasimama naye, nikahema naye, nikaanza naye. Sikukosea popote mpaka noti ya mwisho. Noti hiyo ni ndefu. Mwalimu alikuwa ameniambia kwamba siku ya kurekodi alimwomba kaka aiachie mapema, wengine wamalizie, na kaka akakataa. Ndiyo peke yake katika wimbo mzima ambayo hakuikata. Nyumbani nilikuwa naifikisha mwisho kwa shida. Pale shambani kifua kilijaa kilio, pumzi ikaniishia. Midomo ilitoka kwenye chombo, kichwa kikainama, na besi ikaendelea bila mimi.

Mwenye studio akasimamisha kamera, akaja mpaka nilipo.

"Mama, samahani," akasema. "Turudie mwisho tu. Umeachia na sauti bado ipo."

Tukarudia, nikaachia tena, mapema kuliko mara ya kwanza. Mwalimu akasema inatosha, iende hivyohivyo. Niliona aibu. Nilikuwa nimejitia kiburi mbele ya watu wote, na sehemu kaka aliyoigharamia zaidi ndiyo iliyonishinda.

Video ilipokuja kwenye simu nilimpelekea mama Jumapili, baada ya ibada. Aliketi mlangoni penye mwanga, akaishika simu mbali na uso wake kama anavyoishika siku zote. Mwisho ulipokaribia nikanyoosha kidole niizime, nikijidai imekwisha. Mama akausogeza mkono wangu.

Pale kwenye kioo nilikuwa nimeshainama, chombo kimelala mapajani, na besi inaendelea. Mama alinyoosha kidole kilichopinda, akagusa lile tarumbeta, siyo mimi. Akasema kwa Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani, taratibu, kama anayeniondolea lawama:

"Wewe umechoka. Yeye bado anapuliza."

Nikasema ndiyo, mama. Tukamsubiri mpaka amalize.