Lori la Sebuleni la Jovitus Rwegasira

Jovitus Rwegasira wa Nkwenda alikuwa na dharau ya kumtosha yeye na ukoo wake wote. Aliwadharau madereva wanaokanyaga breki mteremko mzima mpaka zinuke, akawadharau matajiri wanaonunua mapambo ya bampa kabla ya tairi, na mafundi wanaofungua injini kabla ya kuisikiliza aliwaona si watu wa kusalimiwa. Yeye mwenyewe aliendesha malori miaka ishirini na saba, akiteremsha kahawa na maharage ya Kyerwa hadi Mwanza na Dar es Salaam, na katika miaka hiyo hakuwahi kuingiza gari mtaroni. Kilichomtoa barabarani hakikuwa barabara. Siku moja huko Kaisho alipanda juu ya mzigo kukaza turubai, kwa kuwa hakuliamini fundo la utingo wake. Akateleza, akaanguka, nyonga ya kushoto ikavunjika. Mfupa uliunga, lakini mguu haukupata tena nguvu ya kukanyaga klachi.

Tangu hapo akawa mtu wa barazani. Migomba nyuma, barabara mbele, na yeye katikati akiyahukumu malori kwa sauti.

"Huyo kachelewa kubadili gia."

"Huyo anaiua tabo ya injini."

Mkewe, Placida, alikuwa mkunga kwenye kituo cha afya. Zamu zake nyingi zilikuwa za usiku, mchana akilala, na hukumu hizo alizisikia usingizini kama redio ya jirani.

Mwaka juzi walikwenda Mwanza kumtazama binti yao Kemigisha, aliyekuwa amejifungua. Sebuleni kwake mume wa Kemigisha alikuwa na kompyuta yenye mchezo wa kuendesha malori, pamoja na usukani wa kubana mezani na pedali zake chini. Rwegasira alimtazama mkwewe akikata kona kana kwamba nyuma yake hakuna tela. Kwa heshima ya ukwe alivumilia karibu nusu saa.

"Baba, hebu nipishe," akamwambia mkwewe mwishowe.

Klachi ya mchezo ule ilizimika kwa kubonyeza mahali fulani, ikabaki kazi ya mguu wa kulia peke yake. Rwegasira alikaa pale tangu chai ya saa nne mpaka chakula cha mchana kikapoa mezani. Walipokuwa wakirudi Kyerwa hakuhukumu gari hata moja njia nzima, na Placida akadhani anaumwa.

"Nataka mashine ile," alisema walipofika nyumbani.

Placida hakumcheka. "Nunua, Baba Kemigisha. Ila ile ya Mwanza inavuma kama mashine ya kukoboa. Nikitoka zamu nataka kulala."

Sharti hilo halikuwa dogo. Nyumba yao haikuwa na dari, na kuta za vyumba ziliishia chini ya paa, hivyo mtu akikohoa sebuleni aliye chumbani angeweza kumpa pole. Fedha nayo ilikuwa ya kahawa ya msimu mmoja, tena si yote. Mkwewe alikuwa amempa usukani wake wa zamani, na kioo kingekuwa televisheni iliyokuwepo. Kilichobaki ni mashine yenyewe: iwe na nguvu ya kuvuta mchezo, iwe ya bei ya mkulima, na isisikike.

Alianzia Kayanga, kwenye duka la Gharib, mfanyabiashara wa makamo ambaye babu yake alitoka Tanga na kuhamia Karagwe kuuza nguo. Gharib alimwonyesha kasha lenye ubavu wa kioo, ndani feni sita zinazobadilika rangi, mara buluu, mara zambarau.

"Hizi taa zinapoza?" aliuliza Rwegasira.

"Hapana, mzee wangu."

"Zinaongeza nguvu?"

"Hapana. Zinapendezesha. Wateja wanazipenda sana."

"Washa mchezo."

Gharib akawasha. Feni sita zikaanza kuunguruma, na ya saba, iliyojificha nyuma, ikafuata kwa sauti nyembamba. Rwegasira aliinamisha sikio, akafumba macho, kisha akajiinua polepole kwa fimbo yake.

"Hili ni gari la harusi," alisema. "Mapambo kibao, na kilima cha kwanza linachemsha."

"Ni zawadi ya mjukuu?" Gharib akauliza.

"Ni yangu."

Gharib akacheka kwa pua. Alicheka kidogo tu. Rwegasira alitoka dukani akiwa ameapa moyoni kwamba fedha yake haitaingia katika ile droo hata kama duka lile litabaki peke yake Kagera nzima.

Nkwenda kulikuwa na Naila, mwanamke wa maneno machache aliyechapa mitihani ya shule, akatoa fotokopi, na nyuma ya pazia akatengeneza kompyuta. Rwegasira alikwenda kwake bila matumaini, kwa kuwa mafundi wote ni wamoja. Naila alimwamkia, "Shikamoo, mzee," akamsikiliza mpaka mwisho, hakuuliza habari za mjukuu.

Alivuta kompyuta ya mtumba iliyokuwa ya ofisi fulani, nyeusi na mbaya, akaifungua.

"Prosesa hii, ubongo wake, ni ya miaka mingi, lakini kwa mchezo wako inatosha. Ya kisasa ungelipia nguvu ambayo hutaitumia."

"Kama kununua lori la tani thelathini kubebea ndizi za nyumbani."

"Ndiyo. Tutaitoa kwenye kasha hili. Linabana, halipumui." Akaweka mezani feni mbili, moja ndogo kama kifuniko cha chupa ya chai, nyingine kubwa kama sahani. "Ndogo lazima ikimbie ndipo isukume upepo, na ikikimbia inalia. Hii kubwa inatembea tu, na upepo ni uleule."

Rwegasira alizishika zote mbili, akazizungusha kwa kidole. Jambo hilo alilijua kwenye rejeta za malori tangu ujana wake, na kulisikia kutoka kwa mtu anayetoa fotokopi kulimsumbua kidogo. Naila aliendelea. Diski ya kuzunguka aliikataa, kwa kuwa hukwaruza kila inapotafuta kitu, akataka ile ya kisasa isiyo na kinachozunguka ndani. Kadi ya picha alichagua ndogo, isiyokula umeme mwingi, kwa sababu umeme unaoliwa ndio unaogeuka joto, na joto ndilo linaloita feni. Kasha alitaka lenye uso wa wavu na kichujio cha kufua, maana vumbi jekundu la Nkwenda halina adabu.

"Bado pawa saplai," alisema. "Hapo usibane fedha. Nzuri ninaijua, feni yake haizunguki mpaka ipate moto. Iko Kayanga, kwa Gharib."

"Kwa yule siendi. Tena hilo ni boksi la kupitishia umeme tu."

"Mzee, mimi nimesema."

Rwegasira alikwenda gulioni, akanunua pawa saplai kwa mtu aliyetandaza chaja na rimoti juu ya gunia. Ilikuwa nyepesi kama kopo tupu. Naila aliipima mkononi, akamtazama, akarudia kwamba amesema, kisha akaifunga kwa kuwa mwenye mali alitaka hivyo.

Siku ya kwanza mashine ilikwenda vizuri, ila ilipiga mluzi mwembamba ambao Rwegasira, kwa masikio yaliyochoshwa na injini, hakuusikia kabisa. Siku ya pili Placida alitoka chumbani, khanga kifuani, macho mekundu.

"Baba Kemigisha, humu ndani kuna mbu wa chuma."

"Mimi sisikii kitu."

"Wewe husikii. Mimi nimezalisha watoto watatu tangu jana jioni."

Siku ya tatu umeme ulipungua, ukarudi kwa kishindo. Ndani ya kasha kitu kililia pap, harufu ya plastiki ikajaa sebule, na lori la Rwegasira likazimika katikati ya daraja.

Naila alipoifungua alimwonyesha kwa kidole. Pawa saplai ilikuwa imeungua, na ilikuwa imekwenda na mazabodi, ule ubao mkuu unaobeba vingine vyote. Vingine vilipona. Rwegasira alikaa kwenye benchi la wateja, akakumbuka madereva aliokuwa akiwakuta njiani, boneti juu, moshi unapanda, kwa sababu walitia oili ya kupimiwa kwenye chupa za maji. Alikuwa akiwapita bila hata kupiga honi, na hakuona sababu ya kujihurumia yeye kuliko wale. Alijiona mjinga kamili, akabaki hivyo njia nzima mpaka nyumbani.

Alimwambia Placida jambo lote. Placida alimsikiliza, akamalizia uji wake.

"Kwa hiyo umetugharimu kwa sababu mtu alicheka."

"Alicheka kwa pua."

"Kesho nenda Kayanga."

Alikwenda. Gharib alikuwa akimfungia kijana mmoja kasha la taa, akapokea fedha na kumtakia baraka. Kisha akamgeukia Rwegasira, akamkumbuka.

"Nataka pawa saplai isiyozungusha feni mpaka ipate moto," Rwegasira alisema, akitazama ukuta. "Na stabilaiza ya kutuliza umeme."

Gharib akainama chini ya kaunta, akatoa boksi lenye vumbi, akalifuta kwa kiganja.

"Hii imekaa hapa zaidi ya mwaka. Haina taa, basi wateja wangu wanaiona mbaya."

"Wateja wako ni wajinga."

"Sana," Gharib alisema kwa sauti ya chini, akichungulia mlangoni kama yule kijana amekwenda. "Lakini ndio wanaosomesha wanangu. Unajua mimi nyumbani natumia ipi? Kama hii. Yale makelele siwezi kuyalalia."

Rwegasira alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Alikuwa amemdhania mtu asiyejua anachouza, kumbe alikijua, akakiuza hivyohivyo. Hapo dharau yake haikupungua, ilihama mahali tu. Hata hivyo kwa muda wa kufunga mzigo wakawasengenya wanunuzi wa taa kama watu waliosoma darasa moja, na alipotoka Rwegasira alisema, "Haya," neno ambalo kwake lilikuwa karibu na asante.

Naila alipata mazabodi nyingine kutoka kompyuta nyingine ya ofisi ya aina ileile, akafunga kila kitu upya, akapunguza na kasi ya picha ndani ya mchezo ili kadi isijichoshe bure. Asubuhi iliyofuata Placida alirudi kutoka zamu, akalala saa tatu asubuhi, akaamka saa kumi jioni. Rwegasira alikuwa amekwisha kuvuka nchi mbili za Ulaya ndani ya mchezo. Nchi zenyewe alizidharau: barabara hazina shimo, watu wanaendesha upande wa kulia, trafiki hawaonekani. Alisema dereva aliyezoea huko asingefika Omurushaka.

Habari zikaenea, na Jumapili moja baada ya ibada akaja Yusto, mtu mzima mwenye watoto wanne, dereva wa lori la kahawa la tajiri mmoja wa Kimuli. Alikuja kucheka. Rwegasira akampisha kiti. Kwenye kona ya kwanza Yusto akaliangusha tela.

"Na mzigo wa watu anakukabidhi nani?" Rwegasira aliuliza.

Yusto akaanza upya. Jumapili iliyofuata alirudi, na iliyofuata tena, na bila mtu kutamka hivyo ikawa ni mafunzo ya kurudisha tela nyuma. Rwegasira alisimama nyuma yake na fimbo, akamwita kila jina ila la ubatizo.

Mwezi wa pili Yusto aliingiza tela kati ya kuta mbili, polepole, bila kugusa popote, kwa jaribio moja. Akauachia usukani na kungoja.

"Umechelewa kunyoosha," alisema Rwegasira.

Placida, ambaye siku hiyo hakuwa na zamu, alikuwa mlangoni akichambua maharage kwenye ungo. "Mwambie mtoto wa watu kwamba amefanya vizuri," alisema.

"Amesikia wewe ulivyosema," Rwegasira akajibu, akamwonyesha Yusto usukani kwa fimbo ili arudie.