Gari Langu Halina Malaria

Mnaonijua mnajua kwamba mimi si mtu wa kuficha mafanikio yangu, kwa hiyo leo nivumilieni nikiwaambia aibu yangu, maana nayo ni yangu, nimeitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe, tena mikono yenye diploma. Hapa Kasongo wengi wanaijua nusu ya kwanza, ile ya kuchekesha, na hata leo nikipita sokoni kuna watu wananiuliza kama supu imeiva. Nusu ya pili hawaijui. Hiyo nimekaa nayo peke yangu, na imenichosha.

Nianze na mimi. Niliondoka hapa na kandambili za rangi mbili (moja bluu, moja nyekundu, nasema mwenyewe kabla hamjanisemea), nikakaa Lubumbashi miaka kumi na mmoja, mchana naosha magari ya watu, jioni nasoma umakanika, nikapata diploma, nikanunua gari aina ya jipu, nikarudi nalo kwa barabara, safari ya wiki mbili ambayo sijachoka kuisimulia. Diploma iko sebuleni ndani ya kioo, na nimeitundika mahali ambapo mgeni ataiona akikaa kiti chochote. Nilijaribu viti vyote. Nilijenga nyumba ya matofali ya kuchoma, nikamhamishia humo mama yangu, Mama Veronika, na watu wakaanza kuniita Injenieri, jina ambalo sikulikataa ingawa diploma yenyewe haisemi hivyo.

Asubuhi moja ya kiangazi akafika nyumbani Bahati, mtu wa Kivu anayebeba wachimba dhahabu kwa pikipiki kati yetu na Kabambare. Alikuwa ametoka Wamaza, kijiji cha mjomba wangu kilicho kwenye njia hiyo, jana yake. Hakukaa. Alisema akiwa amesimama:

"Mama, kaka yako Kalonda iko mubaya sana. Hakuli tena. Amesema ukuje mbio, iko na neno ya mama yenu."

Mama alikaa chini, pale pale penye vumbi.

Neno hilo sote tulilijua. Wakati wa vita familia ilitawanyika, mama akakimbia nasi upande huu, mjomba Kalonda akakimbia na bibi upande wa Kabambare, na bibi akafia njiani. Mjomba alimzika peke yake. Tangu siku hiyo, kila mama alipomuuliza kaburi liko wapi, alijibu kwamba mahali pale hapaelezwi kwa mdomo, atampeleka mwenyewe, kiangazi kitakachokuja. Kikija kiangazi kuna mavuno, au kuna homa, au njia si salama. Mama husema kilio chake kimebaki nusu, kwa sababu mtoto asiyejua mama yake amelala wapi hawezi kukimaliza.

"Panda, Mama," Bahati akasema. "Nafunga muzigo, narudia saa hii. Kabla ya saa saba tuko Wamaza."

Mama alikuwa ameshasimama anatafuta kitambaa cha kujifunga kichwani. Hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu.

"Mama yangu apande pikipiki sawa gunia ya makaa, na mimi niko na gari?"

Mama alinitazama. Ningependa kuwaambia kwamba alibisha, ingenipunguzia lawama. Lakini hakubisha. Alimwambia Bahati, "Acha tu, Injenieri atanipeleka," na naapa kwamba ndani ya ile huzuni sauti yake ilikuwa na furaha kidogo.

Tukiwa tunapakia, akaja jirani yetu Papa Amuri, mzee aliyeendesha malori njia hizi tangu mimi sijazaliwa, mkononi ana kipande cha chandarua kikuukuu.

"Mutoto yangu, hii mwezi nyasi imekomaa, na inaota katikati ya njia. Funga hii mbele ya radiatere. Ukifika nusu ya safari, unafungua unaikung'uta."

Radiatere ni lile sanduku la maji lililoko mbele ya injini, linalopigwa na upepo ili maji yapoe. Niliangalia chandarua kile, kina matundu, kina rangi ya moshi, nikajiona naingia Wamaza na gari lililovaa kama kitanda, nikasema kwa sauti ili na majirani wasikie:

"Papa Amuri, gari yangu haina malaria!"

Watu walicheka sana. Hata Papa Amuri alicheka. Akakunja chandarua chake, akaenda zake.

Ile njia siku hizi si barabara, ni mistari miwili ya magurudumu, na katikati nyasi kavu imesimama hadi usawa wa taa. Nilikuwa naipita kwa mwendo, nyasi inagonga mbele ya gari na kulala, inatoa vumbi la mbegu kama moshi, na mimi namsimulia mama habari za Lubumbashi ambazo ameshazisikia, naye anaitikia "ndiyo, baba" huku ameshika kifurushi chake kwa mikono miwili. Kabla ya saa nne mshale wa joto ulianza kupanda. Nilijiambia ni mlima. Tulipoteremka mlima mshale ukaendelea kupanda, kisha moshi mweupe ukatoka kwenye boneti, nikasimama.

Mahali penyewe palikuwa na watu. Wachimba dhahabu kama kumi, wana makoleo na mabeseni, wamewasha moto pembeni wanachemsha mihogo. Nikafungua boneti nikaanza kuwaeleza (hakuna aliyeniuliza) kwamba hii ni termosta, mlango mdogo unaoruhusu maji ya injini kwenda kupoa, ukikwama maji hayazunguki. Nilieleza vizuri sana. Nilipomaliza, mmoja wao akasema, "Sawa, Injenieri. Sasa fungua tuone."

Sasa, injini ikiwa moto kifuniko cha radiatere hakifunguliwi. Hilo analijua hata anayeosha magari. Mimi nililijua kabla ya diploma. Lakini mjomba alikuwa anangoja, mama alikuwa ananitazama kupitia kioo, na watu kumi walikuwa wamenizunguka, nikashika kitambaa, nikazungusha.

Maji yaliruka juu kuliko gari. Nilianguka chali ndani ya beseni la mtu, shati jeupe likageuka rangi ya kutu, mkono wa kulia kuanzia kiganja hadi kiwiko ukawa kama si wangu. Waliinama wakiangalia kama nimekufa, na walipoona sijafa wakaanza.

"Supu imeiva!"

"Injenieri, ongeza chumvi!"

"Hii diploma imechemka, jamani, epueni!"

Mama alishuka na chupa ya maji aliyomchukulia kaka yake, akanimwagia mkononi kidogo kidogo. Na hapo ndipo Bahati alipotufikia, mzigo umefungwa nyuma, akasimamisha pikipiki bila kuizima.

"Mama, kuja. Nasukuma muzigo nyuma, nafasi iko."

Mama alimshika Bahati begani. Mguu mmoja ulikuwa tayari umeinuka.

"Ni termosta tu," nikasema. "Dakika makumi mbili. Mama, utaniacha hivi?"

Alinitazama mkono, akawatazama wale watu waliokuwa bado wanajifuta machozi ya kicheko, akashusha mguu. Nafikiri hakutaka kuniacha peke yangu mbele yao. Bahati akatikisa kichwa, akasema atawaambia Wamaza kwamba tuko njiani, akaondoka.

Termosta niliitoa kwa mkono wa kushoto, zaidi ya saa nzima. Kisha nikafanya kile tulichofundishwa, nikaiweka ndani ya sufuria ya wale wachimbaji ili nione kama inafunguka maji yakichemka. Ilifunguka. Ilifunguka taratibu, nzima kabisa, haina kosa lolote, nami nikaitoa nikawaonyesha nikasema, "Mnaona? Imekufa," kwa sababu nilikuwa nimeshasema ni yenyewe. Hili sijawahi kumwambia mtu.

Tukajaza maji ya mtoni, tukaondoka wakitupigia makofi, na hatukumaliza hata robo saa mshale ukapanda tena. Basi nikasema ni pampu ya maji. Nikaingia chini ya gari. Nakumbuka nikiwa kule chini nilimsikia mama akiniita mara mbili, nikajibu "nakuja" mara mbili, nikaendelea kulegeza mkanda wa feni ambao haukuwa na ubaya wowote. Kisha sikusikia kitu.

Nilichosikia baadaye ni sauti ya mwanamke mwingine.

"Baba, hii gari yako inapumua wapi?"

Nikatoka. Alikuwa anatoka shambani, ana kitunga cha mihogo mgongoni, amesimama mbele ya gari. Aliingiza vidole kwenye wavu wa mbele akavuta, akatoka na mbegu za nyasi, kiganja kizima, zimeshikana kama godoro.

"Pua yote imejaa. Hata mbuzi akikula hivi anakohoa."

"Mama," nikamwambia, "hii ni mambo ya mashine."

"Sawa. Lakini ile mama ya kitenge ya bluu nimepishana naye kule mbele, iko natembea kwa miguu na viatu mukononi. Si wako?"

Nikageuka. Kiti kilikuwa kitupu, na kifurushi hakipo.

Nikarudi kuangalia radiatere kwa mara ya kwanza siku ile. Ukiinamia radiatere nzima unaona mwanga upande wa pili, katikati ya vile vibati vyembamba. Kwenye yangu sikuona mwanga hata wa tundu la sindano. Maji yalikuwa yanazunguka vizuri tangu asubuhi, termosta nzima, pampu nzima, kila kitu kizima, ila upepo haukuwa na pa kupita, kwa sababu nyasi ya njia nzima nilikuwa nimeimeza. Na kupoza maji kwa upepo ni somo la kwanza. Hatukusubiri hata wiki ya pili kulisoma.

Yule mama alinivunjia vijiti vya ufagio, tukachokonoa wote wawili, yeye mbele na mimi kwa nyuma namwaga maji, mbegu zikatoka kwa matonge. Hatukumaliza nusu saa. Nikawasha, nikangoja, mshale ukapanda hadi katikati, ukatulia. Nusu saa, ndugu zangu. Na kipande cha chandarua kingeniokoa hata hiyo.

Nilimfikia mama mbali sana kuliko nilivyodhani. Alikuwa anatembea haraka, amekunja kitenge, miguu myeupe kwa vumbi. Nilifungua mlango akapanda.

"Imepona?" akauliza.

"Imepona, mama."

"Aksanti kwa Mungu."

Akaweka kifurushi magotini, nami nikakanyaga mafuta hadi Wamaza.

Kilio tulikisikia kabla ya kuona nyumba. Mama alishuka gari likiwa bado linakwenda. Mke wa mjomba, Mama Feza, alimpokea mlangoni, wakashikana, na nikayasikia yote kwa sababu nilikuwa nimesimama nyuma yao sijui niweke wapi mikono.

"Alikungoja, Veronika. Bahati alipofika akasema uko njiani na gari, akafurahi, akasema tumukalishe. Nikamuambia, niambie mimi neno, nitamupa. Akakataa. Akasema, atafika saa hii, mutoto wake iko na gari. Akakataa kulala. Si zamani, kabla kidogo ya saa tisa, akaanza kusema mbio mbio: mutoni, pa mawe tatu. Nikauliza muto gani, Kalonda? Muto gani? Akanyamaza."

Ilikuwa saa kumi.

Jioni ile wazee wa ukoo walikaa nasi, na mmoja akamuuliza mama, bila ubaya, "Mama Veronika, namna gani pikipiki imefika muchana na gari inafika kilio kimeshaanza?"

Mama yangu hasemi uongo. Amezeeka kanisani, hata mtoto akilia humtuliza kwa ukweli. Alisema, "Njia ilikuwa mubaya sana. Mutoto wangu alifanya yote."

Na mimi, niliyewahi kueleza termosta kwa watu wasioniuliza, nilinyamaza. Wakanipa pole ya njia. Wakanipa pole ya mkono. Mmoja akanisogezea kiti akasema, kaa, Injenieri, nami nikakaa.

Ndiyo maana nimewasimulia. Njia haikuwa mbaya. Nimeapa kwamba mtu akinionyesha nilichokosea, awe na koleo au kitunga cha mihogo, nitainama kwanza niangalie, na kama kuna anayengojwa na mgonjwa nami gari langu limesimama, nitampandisha pikipiki mwenyewe, kicheko kibaki kwangu. Ni kiapo kizuri, lakini ninajua kimechelewa.

Tumekwenda Kabambare mara nyingi tangu siku ile, na gari halichemki. Hata hivyo tunachelewa kufika, kwa sababu mito ya njia ile ni mingi na mawe Mungu ameyatupa kila mahali, na kwenye kila mto mama ananigusa bega nisimame. Anavua viatu, anakunja kitenge, anashuka hadi majini, anatazama juu, anatazama chini, mara nyingine anahesabu kwa kidole. Mimi nabaki kwenye usukani. Kisha anarudi, anafunga mlango polepole, anasema, "Si hapa. Twende."