Kimeo cha Rebeka

Kijijini kwao, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Ulemo, mtoto akikohoa siku mbili watu hawakuuliza habari za zahanati. Waliuliza, "Anastazia yupo nyumbani?" Na Anastazia, bwana, alikuwapo. Miaka thelathini na ushee alikata vimeo vya watoto, kazi aliyoachiwa na baba yake, na mkono wake ulikuwa mwepesi kweli. Mtoto anapakatwa, mdomo unapanuliwa kwa mpini wa kijiko, na kile kinyama kinachoning'inia kooni kinaondoka kabla mama hajafumba macho. Wengi walipona. Kikohozi cha mafua kinapona hata ukikiacha, lakini nani angemwambia hivyo mkata vimeo?

Mganga hajigangi. Yeye mwenyewe alikuwa anakohoa tangu mavuno ya mwaka juzi, akiamka shuka limelowa jasho. Alisema ni vumbi la alizeti. Mhudumu wa afya alipopita nyumba kwa nyumba akiomba makohozi ya kupima, Anastazia alimpa kiti, akampa uji, makohozi akamnyima. Mkata vimeo apimwe kifua, watu waseme nini?

Basi Rebeka, mjukuu wake wa miaka miwili, aliyelala naye kitanda kimoja tangu aachishwe ziwa, akaanza kukohoa. Anastazia akamkata kimeo. Joyce, mkwewe, mama wa mtoto, ndiye aliyeshika kichwa. Wiki tatu zikapita, kikohozi kiko palepale, mtoto anakataa ugali, mikono inakonda. Anastazia akamchungulia kooni akasema, "Kimeo kimeota tena." Akamkata mara ya pili.

"Mama, mtoto ananiishia mikononi," Joyce alimwambia. "Niende naye hospitali."

"Subiri kidonda kikauke, mwanangu. Utampeleka na kidonda wakucheke?"

Mkwe aliyelelewa akaleleka hambishii mama mkwe. Alisubiri. Na kusubiri huko, mimi nasema bila kumung'unya maneno, ndiko kulikomuua mtoto.

Walipompakia bodaboda hatimaye, kila akivuta pumzi mbavu zilikuwa zinaingia ndani. Hospitalini tabibu mmoja kijana, Anselm, alimbana kidole kwa kijidude kama kibanio cha nguo, akasoma namba ya hewa iliyomo damuni, akamwekea oksijeni. Kisha akamwamkia Anastazia shikamoo, akaomba choo cha mtoto.

"Choo?" Anastazia aliuliza. "Anaumwa kifua, mwanangu, si tumbo."

"Mtoto mdogo hatemi makohozi, bibi, anayameza. Tunayafuata huko yalikoshukia. Siku hizi kuna mashine inayomtambua mdudu mwenyewe, na majibu tunayapata leoleo."

Kweli, jua halijazama akarudi na karatasi. Kifua kikuu. Kinatibika, alisema, na dawa za watoto za sasa zinayeyuka kwenye maji na ni tamu, hakuna tena kumkaba mtoto pua ameze. Halafu akauliza kwa upole kama nyumbani kuna mtu mzima anayekohoa. Joyce akatazama sakafu. Haikuhitajika kumtaja mtu, maana Anastazia alikuwa anakohoa palepale kwenye benchi.

Rebeka aliipenda dawa ile. Siku ya nne alilamba kikombe, akaomba uji, na Anastazia akaenda nyuma ya wodi akalia kwa furaha. Siku ya tisa mtoto akafa. Anselm alisema mwili ulikuwa umechoka mno, dawa ilimkuta hana kitu cha kusimamia. Mngemleta ule mwezi wa kwanza, alianza kusema, akaishia hapo.

Anastazia naye alipimwa, akakutwa na ugonjwa uleule. Akaandikiwa vidonge vya miezi sita, na sharti awe na mtu nyumbani wa kumsimamia ameze kila siku. Mwanawe, baba wa mtoto, yuko machungani na ng'ombe toka asubuhi. Akabaki Joyce.

Basi kila asubuhi Joyce alikuja na vidonge na kikombe cha maji, akasimama mlangoni mpaka vimemezwa, akaondoka. Salamu ya asubuhi ilitolewa, shikamoo mama, marahaba, na maneno yakaishia hapo. Mwezi wa pili kikohozi kikakatika. Jasho likakoma. Mashavu yakajaa, na majirani wakamsifu kwamba amependeza. Loo, sifa zile zilimchoma. Kupona kulimtia aibu, kila siku akiamka na nguvu zaidi ya jana, na kitandani nafasi ya mtoto iko wazi.

Asubuhi moja alikirudisha kikombe.

"Joyce mwanangu, niache. Hizi dawa sizistahili. Niache nimfuate."

Joyce hakukipokea. Alikuwa hajamtazama usoni tangu msibani, na sasa alimtazama.

"Kumfuata ni rahisi, mama. Mimi nilimshika kichwa, nikakuachia ukate mara mbili, na hatia hiyo sijui pa kwenda nayo. Utabaki hapa pamoja na mimi. Meza."

Anastazia akameza, kidonge kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikimuuma kifuani kuliko kikohozi kilivyowahi kuuma, na Joyce akasimama pale mpaka maji yakaisha.