Vikombe Vilivyotutangulia

Mpaka leo nikimwona mtu ana fomu mkononi huwa nachoka kabla hajanisalimu. Nilizijaza nyingi mno miaka ya hamsini, nilipokuwa karani katika ofisi moja ya serikali Mji Mkongwe, chumba cha juu chenye dirisha lisilofunguka. Kazi yangu ilikuwa kuandika na kufasiri. Kufikiri kulikuwa kwa wengine, na mimi nilishazoea.

Mwaka mmoja ukaja msaada kutoka Ulaya. Tukaambiwa ni wa kupunguza umasikini wa shamba na kuwafundisha watu kuendesha mambo yao wenyewe. Kila kijiji kiunde kamati, na kile kitakachoonekana kina dhiki zaidi kitapelekewa mfereji wa maji ya bomba. Huko kuonekana ndiko kulikotumaliza. Mzungu niliyefanya naye kazi, mtu mpole wa kuuliza sana, alitaka kuingia majumbani na kujionea mwenyewe.

Bwejuu ilikuwamo katika orodha, na Bwejuu ndiko alikokaa shangazi yangu, dada wa baba, aliyenilea nilipofiwa na mama. Maji yao ya kunywa yalikuwa ndani ya pango, chini ya mawe yanayoteleza. Shangazi alishuka na kupanda humo kila siku, debe kichwani, na goti lake moja lilikuwa limeshaanza kumkatalia. Nilipoliona jina la kijiji kwenye karatasi nilicheka peke yangu ofisini kama mwehu.

Tulifikia kwa sheha, mkuu wa kijiji, ambaye pia ndiye aliyewekwa mwenyekiti wa kamati. Akatupa chai kwa vikombe vya maua mekundu, kimoja kimemeguka ukingoni. Tukaandika, tukaenda nyumba ya pili. Chai, vikombe vya maua mekundu, kimoja kimemeguka ukingoni. Nyumba ya tatu vilevile. Sisi na sheha tulipita njia kuu pole pole, tukiamkiana na watu, na vikombe vikapita uani chini ya kanga za wanawake vikafika kabla yetu. Hata mkeka mpya ulikuwa unatembea. Mzungu alinong'ona kwamba watu hawa wana vyombo vizuri, akaandika.

Kwa shangazi nilitangulia kuingia mimi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, piteni ndani."

Alikuwa amejitanda kanga isiyokuwa yake. Nikamfasiria swali la kwanza: jana nyumba hii imekula mara ngapi?

"Mara tatu, alhamdulillahi," akasema, akinitazama mimi badala ya mgeni. "Na sasa nnawapikia, msondoke bila ya kula."

"Na maji?"

"Maji yapo, baba. Hatuna tabu."

Nilijua alikula mara moja, muhogo mkavu. Nilijua kuku aliyekuwa akichemka uani ni wa jirani. Alizidi kunikazia macho, na mimi nikayasoma macho yale kuwa yananisihi nisimwaibishe. Nikafasiri neno kwa neno. Nikaandika tatu. Tukala, tukashukuru, na njia nzima ya kurudi mjini nilikaa garini kando ya Mzungu, mdomo nimeufunga, nikijiona mtoto mwema kwa kuwa nimemsitiri shangazi yangu.

Mfereji ukaenda kijiji kingine. Barua niliipiga taipu mwenyewe: hali ya Bwejuu inaridhisha.

Niliomba ruhusa ya siku moja nikaenda kumwambia. Nilimkuta kibarazani anasokota kamba za makumbi ya nazi. Nikamweleza yote, na nikamalizia, kwa lawama kidogo, kwamba kula mara tatu alisema yeye, mimi nilifasiri tu.

Mikono yake ikasimama.

"Sasa ulitaka nseme nini? Mgeni kaja kwangu, kakaa mkekani kwangu, mie nimtangazie njaa yangu?"

"Lakini, shangazi, yeye angejuaje?"

"Kwako wewe! Ulipotaka kuoa ulikwenda kujiposea? Si tulikwenda sisi tukakusemea? Basi na hili ndo hilo hilo. Yangu mie kusema tushakula. Yako wewe kumwambia kulee garini, mkishatoka: huyu shangazi yangu, na wenziwe wote, hawana kitu."

Nikainamisha kichwa. Nikaviona tena vile vikombe vikipita uani. Kumbe kijiji kizima, sheha na kamati yake, walivizungusha bila wasiwasi kwa kuwa karani alikuwa wa kwao. Niliona haya ambayo sijawahi kuiona tena, na nimeishi miaka mingi tangu siku hiyo.

"Nlikutazama, nkakutazama," akasema, safari hii bila hasira, na hilo lilinikata zaidi. "Nkasema moyoni, leo nna mtu wangu mle garini. Mie nshasemewa."

Akainuka kwa kushika ukuta, akachukua debe. Nikalishika ili niende mimi pangoni. Akalivuta taratibu, akasema niache, suruali yangu ya ofisi itachafuka.