Nani Yuko Ndani ya Tenki

Habari ya kifo cha rafiki yangu, niliyezoea kumwita dada, ilinikuta Igunga. Nilikuwa nimeshuka kwenye basi kunyoosha miguu huku abiria wenzangu wakinunua mchele wa kwenda nao safarini. Aliyenipigia ni kaka yake. Alisema presha ilipanda jana jioni, wakamkimbiza hospitali, na asubuhi hakuiona. Nilikuwa bado nimeishika simu mkononi, sijui niirudishe mfukoni au niendelee kuitazama, ilipotetemeka tena. Ujumbe ulikuwa wa marehemu. "Msafara umefika salama. Mizigo yote imeshushwa." Mimi si mtu wa kuamini mizimu, lakini nilikaa juu ya gunia la mtu bila kuomba. Mwenye gunia akaniuliza kama naumwa. Nikamjibu kwamba nimeandikiwa na mtu aliyekufa. Akalivuta gunia lake la pili mbali nami, taratibu, kama asiyetaka kunikosea adabu. Basi likaondoka bila mimi, nami nikatafuta gari la kurudi Tabora.

Ujumbe ule ulitoka kwenye mashine. Marehemu alifanya kazi katika mradi wa maji wa vijiji, na ofisi yake ilikuwa hapa Tabora mjini, chumba kimoja chenye feni, birika la chai na kompyuta. Pampu za vijijini zote huamshwa na kulazwa na seva, yaani kompyuta kubwa inayotoa maagizo kwa ratiba. Lakini seva haina akili yake. Inangoja ipewe faili lililoandikwa: anza na kazi hii, ikifanikiwa fuata ile, na saa fulani ikifika washa pampu. Kuyaandika mafaili hayo na kuyaingiza kwenye seva ndiyo ilikuwa kazi yake. Wenzake walisema wanapandisha faili. Yeye alisema anaitwika seva. Kazi ya kwanza ndani ya faili aliiita kirangozi, kama yule mtu aliyetangulia mbele ya misafara ya zamani ilipotoka hapa kwenda pwani, na kazi zote zikishakwisha seva ilituma ule ujumbe wa msafara, kwa maneno aliyoyatunga yeye. Mimi, mwandishi wa hadithi, nilimcheka. Nilimwambia, dada, unaandika riwaya kwenye bomba la maji. Akanijibu, "Na wewe unaandika maji kwenye riwaya, mdogo wangu. Angalau yangu watu wanayanywa."

Neno hilo la kutwika alilitoa kwao, upande wa Kipalapala, ambako alikulia akiteka maji kisimani. Alinieleza kwamba kwao mtu akishajaza ndoo husimama akangoja. Anayepita anaambiwa, njoo unitwike, naye hutwika hata kama jana waligombana, kisha kila mmoja anashika njia yake. Alilisimulia hilo kama kichekesho cha utotoni, cha majirani wasiosalimiana wakitwikana ndoo kwa midomo iliyofungwa. Neno alikuwa nalo siku zote. Maana yake alikuja kuiogopa siku ya tenki la Puge, na kwa kuwa nilikuwa nimekaa pale ofisini kwake, nami niliiogopa, na sijaacha.

Tenki la kijiji cha Puge ni la zege, liko juu ya kilima, na mlango wake ni tundu moja la juu. Siku ile lilikuwa linasafishwa. Fundi wa pampu na wenzake walikuwa ndani wakisugua tope, na kazi ingekwisha mchana. Yeye alikuwa ameombwa apange pampu iwake saa kumi jioni, watu wakiwa wameshaondoka. Aliandika faili alfajiri akiwa peke yake, akaitwika seva, akachemsha chai. Mimi niliingia kumwamkia, akaitikia, akanimiminia kikombe. Nilipomuuliza leo msafara unakwenda wapi, akageuza kompyuta anisomee, kwa ile sauti yake ya kunichezea. "Kirangozi anaangalia umeme. Halafu anaangalia bomba. Halafu, ikifika kumi, pampu ya Puge inaamka." Akarudia, "Ikifika kumi." Mara ya tatu midomo ilitikisika bila sauti. Kisha akatazama saa ya ukutani.

Sisi tunahesabu saa tangu jua linapotoka. Kumi yetu ni jioni, jua limeshapoteza ukali. Mashine inahesabu tangu usiku wa manane, na kumi yake ni saa nne asubuhi. Alikuwa amefikiri kwa Kiswahili na vidole vikaandika alivyofikiri. Na saa nne asubuhi ilikuwa karibu kugonga. Alilifuta faili kwenye seva, seva ikakubali, lakini agizo lilikuwa limeshatumwa kwenye pampu ya Puge tangu alfajiri na halirudishwi, na huko aliyeweza kuizima pampu kwa mkono ni yule fundi aliyekuwa ndani ya tenki. Akampigia. Simu ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena. Nilimwona anaiweka simu mezani, anabonyeza kipaza sauti, anaikunja mikono yake kifuani kama mtu anayesikia baridi, na chumba kile kilikuwa cha moto. Ilipopokelewa, aliyepokea ni mwanamke.

"Wewe nani?"

"Mama, napiga kutoka mjini. Mwenye simu yuko wapi?"

"Mwenye simu ni mume wangu. Ndiyo nauliza, wewe nani unayempigia hata kupumua hupumui?"

"Mimi ni wa maji."

"Wa maji." Kicheko kifupi. "Juzi alikuwepo wa vocha. Leo wa maji."

"Mama, shikamoo. Nakuomba. Mume wako yuko ndani ya tenki?"

"Marahaba. Yuko ndani, wanasugua na wenzake. Mimi nimewaletea uji. Na wewe tenki la huku unalijuaje?"

"Maji yanakuja, mama. Sasa hivi. Watoe. Ukishawatoa nipigie unitukane mpaka uchoke, sitakata simu."

Hapo nilielewa kwamba uhai wa watu nisiowajua ulikuwa umeshikwa na wivu wa mke mmoja, na kwamba angeweza kukata simu na angekuwa na haki. Hakukata. Tulisikia simu ikianguka, nyasi zikikwaruza, kisha sauti yake ikipanda mbali, kwa Kinyamwezi, mara nyingi jina lilelile. Tukasikia ngazi ya chuma ikigonga zege. Walikuwa wameitoa ili ndoo za tope zipite, na sasa ilikuwa inateremshwa tena. Tukasikia wanaume wakibishana. Kisha tukasikia mngurumo, mwanzoni kama lori linapanda kilima, halafu ukajaa kwenye simu mpaka maneno yote yakazama. Dada alikuwa ameziba macho. Mimi nilikuwa nahesabu kimoyomoyo, sijui nahesabu nini. Mngurumo ulipozoeleka masikioni, yule mwanamke akarudi. "Wametoka," alisema, pumzi zikimkata. "Wametoka wote. Ndoo zimebaki, na viatu vya huyu mwingine." Akapumua tena. "Haya. Sasa niambie, wewe ni nani hasa?"

Dada alijaribu kuinua kikombe akakirudisha mezani. Alimweleza yule mama kila kitu, na kwamba kosa lilikuwa lake, kisha akapiga simu kwa wakubwa wake akawaeleza wao pia. Aliomba kuanzia siku ile faili lolote lisomwe kwa sauti mbele ya mtu wa pili kabla ya kuingizwa. Wakamwambia ni wazo zuri ila mtu wa pili hayupo. Ndipo alipoanza kunipigia mimi. Popote nilipokuwa, alinisomea faili zima, kila saa akiitaja kwa hesabu yetu na kwa hesabu ya mashine, nami mwishoni nilipaswa kumuuliza swali moja tu: nani yuko ndani? Hakujibu hilo kutoka kichwani. Alikata simu, akapiga kijijini, akauliza, kisha akanirudia. Mara moja nilimwambia atafute mtu anayejua mambo haya. "Anayejua atanisaidia kukosea," alisema. "Wewe hujui kitu, kwa hiyo unasikia." Aliniingiza pia kwenye orodha ya wanaopata ule ujumbe wa asubuhi, ili nilale na wasiwasi kama yeye na niamke nao ukiwa umeondoka.

Tulimzika Kipalapala, karibu na kwao. Yule mama wa Puge alikuja na mumewe, na walikuwa wameshazoea kumwita dada wa maji. Alinishika mkono kaburini akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nilikuwa nakata. Kidole kilikuwa kimeshafika." Asubuhi ile ile, simu yangu ilikuwa imeniambia msafara umefika salama. Nimekaa na hofu moja tangu wakati huo, na naomba mnivumilie niiseme. Siogopi kwamba mashine itaasi. Naogopa kwamba inatii. Siku ya Puge haikukosea chochote. Iliambiwa kumi, ikafuata kumi. Naogopa kuwa mtu ameshawekwa kaburini na maneno yake bado yanawasha pampu, na hakuna anayeweza kuyauliza yalikuwa na maana gani. Wapagazi waliopita njia hii ya kwetu na pembe za ndovu na vitambaa, mzigo ulipowazidi mtu aliona shingo ikitetemeka. Akaweza kusema, punguza. Leo tunatwika vitu visivyo na shingo: maji, dozi za hospitali, taa za barabarani, mitihani ya watoto. Tunabonyeza, tunakwenda kunywa chai, na chini ya mzigo kuna watu wenye simu zao kwenye mifuko ya mashati yaliyotundikwa mbali.

Baada ya matanga nilikwenda ofisini kuomba niondolewe kwenye orodha ya ujumbe, maana kila asubuhi nilikuwa naanza kufiwa upya. Kwenye kiti chake nilimkuta bwana mmoja mpole, mkubwa kwangu, mwenye miwani. Nilimwamkia, akaitikia, akanisikiliza. Akasema hawezi kunitoa. "Mafaili ya marehemu hatuyagusi. Ukichomoa uzi mmoja hujui nguo yote inafumuka wapi. Tunayaogopa, kusema kweli." Aliposema hivyo alikuwa ameshaweka mkono kwenye kipanya, maana alikuwa na faili lake jipya. Matenki yanasafishwa kabla ya mvua. Nilimwomba anisomee.

"Nikusomee wewe? Wewe si mwandishi wa hadithi?"

"Ndiyo. Sijui kitu."

Akacheka, akasoma kwa haraka, kama mtu anayemridhisha mfiwa. Umeme. Bomba. Saa kumi na sita, ambayo ni saa kumi yetu ya jioni. Hesabu ilikuwa sahihi. Alikuwa mtu makini kuliko nilivyohofia. Akanyoosha kidole kubonyeza.

"Nani yuko ndani?" nikamuuliza.

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya tenki, saa hiyo ya jioni."

"Watakuwa wamemaliza."

"Nani kakuambia?"

Alinitazama, kisha akatazama kikombe cha dada kilichokuwa bado kando ya birika, kimefunikwa kisahani. Nimefika hapa sina somo kubwa la kuwapa, zaidi ya hili nililolipata kwake: kabla hujamtwika yeyote chochote, mtu au mashine, mwite mwingine asimame kando yako na akuulize nani yuko chini ya mzigo. Na usijibu kutoka kichwani. Yule bwana aliondoa mkono kwenye kipanya. Akachukua simu, akapiga kijijini, akabonyeza kipaza sauti, akaiweka mezani katikati yetu. Ikaanza kuita.